Mkaza mwanangu haoshi nyama, na mimi siwezi kuila

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mama mtu mzima, mjane, ninaishi Tanga katika nyumba ileile niliyolelea watoto wangu. Jambo ninalokuandikia huenda wengine wakaliona dogo, lakini limeingia kati yangu na mwanangu wa kiume na mke wake, watu ambao sina ugomvi nao mwingine wowote, na kila nikilala ninalala nalo.

Mwanangu anaishi Dar es Salaam pamoja na mke wake na mtoto wao wa miaka miwili, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na jiko dogo. Mkaza mwanangu amesomea mambo ya mapishi chuoni na anafanya kazi katika jiko la hoteli. Ni binti mwenye adabu. Ananiamkia, ananiwekea maji ya kuoga, na hajawahi kuninyanyulia sauti. Ninaanza na hayo ili usidhani kwamba nimeshika kalamu kwa nia ya kumsema.

Mwaka jana nilikwenda kukaa nao. Siku ya pili nilikuwa nimeketi jikoni ninamenya vitunguu, nikamwona anatoa kuku kwenye friji, wale wa kisasa wanaouzwa wakiwa wamefungwa kwenye mfuko. Akamweka juu ya ubao, akampangusa kwa karatasi, akamkatakata, akampaka tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, kisha akamtia sufuriani moja kwa moja. Maji hayakumgusa yule kuku hata tone. Kwenye sahani alimokuwa kulibaki maji mekundu, na macho yangu yakaganda pale. Nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, huoshi?" Akatabasamu, akasema, "Hapana mama, siku hizi hatuoshi. Tulifundishwa kwamba kuosha kunatawanya vijidudu jikoni." Sikuongeza neno. Chakula kilipotengwa nikasema tumbo haliko sawa.

Tangu siku hiyo, Jumatatu na Alhamisi nilikuwa ninafunga sunna, na siku nyingine ninakula chapati na chai, au wali kwa mchicha, nikidai kwamba nyama siku hizi hainipendi. Si kweli. Nyama ninaipenda. Ila mimi nimelelewa na mama ambaye alikuwa akiosha nyama maji ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka maji yawe meupe, ndipo anaikamulia ndimu. Nyama ya bucha ninaijua inavyokaa: inaning'inia mchana kutwa, vumbi la barabara linaipata, nzi wanaitua, na ikikatwa inabaki na unga wa mfupa na vijiti kutoka kwenye gogo. Tena damu kwetu ni najisi. Sasa mtu akiniambia niipike hivyo hivyo kwa sababu chuoni wamesema, moyo wangu unakataa na koo langu linakataa.

Lililoharibu mambo ni hili. Siku moja mkaza mwanangu alikuwa kazini, nikaona leo nimpikie mjukuu wangu supu ya kuku kwa mkono wangu. Nikafungulia bomba, nikamwosha kuku kwenye sinki vizuri sana. Mama yake akaingia akanikuta. Pembeni ya sinki, kwenye kichanja cha vyombo, kulikuwa na vikombe vya mtoto na chupa yake ya maziwa. Nikaona uso wake umebadilika. Akasema, "Mama, samahani sana, naomba usioshee hapo," akaviondoa vile vyombo na kuanza kuvichemsha. Usiku huohuo mtoto akaanza kuharisha. Alipona baada ya siku chache, namshukuru Mungu, lakini asubuhi yake mwanangu aliniita pembeni akaniambia, "Mama, mambo ya zamani tuyaache, mwenzako amesomea." Nilijihisi kama mtu aliyemtilia sumu mjukuu wake. Nikafunga virago kabla ya siku niliyopanga, nikarudi Tanga.

Sasa mkaza mwanangu ni mjamzito na anakaribia kujifungua. Mwanangu amenipigia simu ananiomba niende nikamlee mzazi mpaka arobaini itoke, kwa kuwa mama mzazi wa binti ni mgonjwa na hawezi kusafiri. Kulea mzazi ni kupika: supu, uji, mchuzi. Nikienda nikapika kwa namna yangu, wataogopa. Nikipika kwa namna yao, nitakuwa ninampa mzazi chakula ambacho mimi mwenyewe siwezi kukila. Na nisipokwenda, watu watasema nimemtupa mkwe wangu katika siku zake ngumu.

Naomba uniambie, je, ni kweli kwamba kuosha nyama ni makosa, na kwamba mama zetu wote walikosea? Na je, niende?

Mama wa watu, Tanga

*

Shikamoo mama,

Nimeisoma barua yako polepole, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba umeanza kwa kumtetea mtu unayetofautiana naye. Wengi wanaoniandikia kuhusu wakwe zao huanza na hesabu ya makosa. Wewe umeanza na adabu yake, maji ya kuoga na salamu zake. Ninaomba ulishike hilo, kwa sababu nitalirudia nitakapofika kwenye namna ya kuzungumza naye.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni swali la jikoni: je, nyama mbichi ioshwe au isioshwe? La pili ni jeraha: uliambiwa, au ulihisi umeambiwa, kwamba usafi uliorithi kwa mama yako ndio uliomdhuru mjukuu wako. La tatu ni uamuzi wa kwenda au kutokwenda, ambao una tarehe yake na hausubiri. Nadhani la kwanza lisingekuumiza hivi kama lisingebebana na la pili, lakini umeliuliza waziwazi na unastahili kujibiwa waziwazi, kwa hiyo nianze nalo.

Alichofundishwa mkaza mwanao hakukitunga yeye wala chuo chake. Katika utumbo wa kuku wengi, hata kuku mzima asiyeonekana na ugonjwa wowote, wanaishi bakteria wanaoitwa kampilobakta na salmonela, na wakati wa kuchinja na kunyonyoa huhamia kwenye ngozi na nyama. Maji ya bomba hayawaondoi wote, kwa kuwa wamejishikiza kwenye ngozi na kwenye mikunjo yake. Ndimu na siki, pamoja na kazi nzuri zinayofanya kwenye shombo na ladha, haziwaui kiasi cha kutegemewa. Kinachowaua ni moto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe mpaka katikati yake ifikie angalau nyuzijoto 70, na Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka nyama ya kuku ifikie nyuzijoto 74. Supu yako inayotokota kwa saa nzima, mama, inapita viwango hivyo kwa mbali. Kwa hiyo kwa upande wa nyama yenyewe, ile inayofika sahanini, nyinyi wawili mko salama sawasawa, aliyeosha na asiyeosha, ilimradi imeiva mpaka kwenye mfupa.

Hatari iko pembeni ya sufuria. Maji yakimpiga kuku kwa nguvu, matone madogo ambayo jicho haliyaoni yanaruka na kutua kwenye ukingo wa sinki, kwenye bomba, kwenye kitambaa, na kwenye chombo chochote kilicho karibu. Mwaka 2014 Wakala wa Viwango vya Chakula wa Uingereza uliwaomba wananchi waache kuosha kuku mbichi kwa sababu hiyo. Ninakutajia mfano huo makusudi, kwa kuwa huenda unadhani kwamba wewe na mama yako mlikuwa peke yenu: wakala huohuo ulipouliza watu wake, asilimia 44 walisema huosha kuku kabla ya kumpika. Desturi unayodhani inadharauliwa kama ya kizamani ya kwetu iko kwenye majiko ya huko pia, nao waliifuata kwa sababu ileile yako, yaani mtu hataki kulisha watoto wake uchafu.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa uusikie wote, kwa sababu mara nyingi husimuliwa nusu. Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani na Chuo Kikuu cha North Carolina State walitoa matokeo ya kuwatazama watu wakipika kuku na kutengeneza saladi katika majiko ya majaribio. Kuku walikuwa wamepakwa bakteria wasio na madhara ili wafuatiliwe wanakokwenda. Miongoni mwa walioosha kuku, asilimia 60 waliacha bakteria kwenye sinki, na asilimia 14 sinki zao zilibaki nao hata baada ya kujaribu kuzisafisha. Asilimia 26 ya walioosha wakawafikisha mpaka kwenye saladi. Hiyo ndiyo nusu ambayo mkaza mwanao angeisimulia. Nusu ya pili ni kwamba miongoni mwa wale ambao hawakuosha kabisa, asilimia 31 pia waliwafikisha bakteria kwenye saladi, pengine kwa sababu ya mikono isiyooshwa vizuri baada ya kushika kuku, na sinki na vyombo vilivyochafuka. Kwa hiyo kuacha kuosha nyama peke yake si kinga. Mtu anaweza asimwoshe kuku, kisha akashika kisu kilekile akakatia nyanya za kachumbari, akawa amefanya kilekile alichokuwa anakikwepa.

Sasa turudi Tanga, kwa sababu ushauri huu wote umeandikwa kwa ajili ya watu wanaonunua nyama iliyokwisha kusafishwa, kupoozwa na kufungwa. Nyama uliyoieleza wewe ni nyingine. Unga wa mfupa kutoka kwenye msumeno, vijiti vya gogo, mchanga, manyoya yaliyobaki kwenye kuku wa kienyeji uliyemnyonyoa kwa maji ya moto na kumbabua mwenyewe, utumbo wa ng'ombe na yaliyomo ndani yake, hayo yote ni uchafu wa kweli unaoonekana, na hakuna mtaalamu mwenye akili timamu atakayekuambia uupike mchuzi. Firigisi lazima ipasuliwe na kusafishwa. Utumbo lazima uoshwe, tena maji mengi. Mama yako hakukosea. Tena kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja na ninalikisia tu: nadhani mama yako alikuwa anaoshea uani, kwenye beseni, na maji yake yalimwagwa mbali, pengine kwenye shina la mgomba, huku vyombo safi vikiwa ndani. Kama ndivyo, matone yalikuwa hayana pa kutua penye madhara. Ulipobeba desturi hiyohiyo ukaipeleka kwenye jiko la hatua tatu, bomba lenye nguvu na kichanja cha vyombo kandokando ya sinki, mkono ulikuwa uleule na nia ileile, ila mahali palibadilika.

Kuhusu damu, sitaki nipite kama vile si kitu, kwa kuwa umelitaja kama jambo la dini na si la ladha. Yale maji mekundu uliyoyaona kwenye sahani kwa sehemu kubwa si damu. Ni maji yanayotoka ndani ya nyama yenyewe, yenye protini inayoipa nyama rangi nyekundu, na damu nyingi huwa imekwisha kutoka wakati wa kuchinja. Qur'ani katika Suratul An'am, aya ya 145, inataja damu inayomwagika, na wanazuoni wengi wameeleza kwamba kile kinachobaki ndani ya nyama baada ya mnyama kuchinjwa kisheria kimesamehewa. Lakini mimi si sheikh. Mwulize unayemwamini hapo mtaani kwako, tena umweleze kama ulivyonieleza mimi, kwamba unataka kujua hukumu ya nyama ambayo haikuoshwa na ikapikwa. Huenda jibu lake likakufungulia koo kuliko takwimu zangu zote. Na akikuambia uoshe, basi utakuwa na sababu iliyo wazi ya kumpa mkaza mwanao, sababu ambayo binti mwenye adabu kama ulivyomweleza atakuwa na wajibu wa kuiheshimu na kuitafutia njia.

Nije kwenye usiku ule mtoto alipougua, maana nadhani ndipo maumivu yako yalipo. Umeandika kwamba ulijihisi kama mtu aliyemtilia sumu mjukuu wake. Mama, tazama muda. Ugonjwa wa kampilobakta kwa kawaida huanza siku mbili hadi tano baada ya vijidudu kuingia mwilini. Salmonela inaweza kuanza mapema zaidi, kuanzia muda wa kama saa sita tangu viingie, ingawa mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko huo. Mtoto aliyeanza kuharisha usiku wa siku ileile, kuna uwezekano mkubwa kwamba alichokipata alikipata kabla hujamgusa yule kuku. Watoto wa umri ule huharisha kwa sababu nyingi: virusi kutoka kwa mtoto mwenzake, maji, mikono yao wenyewe inayookota kila kitu sakafuni. Sisemi kwamba kuoshea kuku kando ya chupa ya maziwa lilikuwa jambo jema. Halikuwa, na mkaza mwanao alifanya vizuri kuvichemsha vile vyombo. Ninachosema ni kwamba kati ya kuvichemsha vile vyombo na kukushutumu wewe kuna umbali, na naomba ujiulize ni nani hasa aliyeuvuka umbali huo. Kwa maneno uliyoyaandika, yeye alisema "samahani sana" na "naomba". Aliyesema "mambo ya zamani" ni mwanao. Huenda mke wake alimtuma, huenda hakumtuma. Huenda mwanao, akiwa na hofu ya mtoto mgonjwa na hajalala, alisema maneno ambayo mke wake asingeyasema. Barua yako inawachukulia wote wawili kama sauti moja, na sina hakika kama ni sauti moja.

Uko pia upande wa pili ambao naomba niutaje kwa heshima. Mkaza mwanao hajui kwa nini hukula. Anajua kwamba tumbo halikuwa sawa, kwamba ulikuwa umefunga, kwamba nyama haikupendi siku hizi. Ulifanya hivyo kwa kumsitiri, naelewa, na kwa mwanamke wa malezi yako kumwambia mwenyeji "siwezi kula chakula chako" ni aibu kubwa kwa wote wawili. Lakini mpishi kwa kazi yake huona sahani inavyorudi. Sitashangaa kama alikwisha kufahamu, akawa naye anasubiri useme, na akaona uchungu kwamba mama mkwe anakaa nyumbani kwake na kushinda kwa chai. Mmestahiana mpaka hakuna anayejua mwenzake anawaza nini.

Sasa njia zilizo mbele yako. Unaweza kwenda na kunyamaza: upike kama wanavyotaka, usile, uendelee na chai. Utakuwa umeepusha maneno kwa muda, lakini siku arobaini za kulea mzazi ni kazi nzito, na mtu wa umri wako hawezi kuzibeba kwa chapati. Halafu sunna ya Jumatatu na Alhamisi itakuwa imegeuzwa kisingizio kwa mara nyingine, na nadhani hilo linakusumbua hata kama hukuliandika.

Unaweza kwenda na kulishika jiko, kwa kuwa yeye atakuwa kitandani na hataweza kukuzuia. Wako watakaokuambia hiyo ni haki yako kama mama mkwe. Mimi naliogopa kidogo jambo hilo, na si kwa ajili ya heshima tu. Mtoto mchanga ni miongoni mwa watu ambao vijidudu hivi vikiwapata huwaumiza zaidi, na vyombo vya mtoto wa kwanza bado vipo palepale kandokando ya sinki. Hata kama utaosha salama kabisa, mzazi atakuwa amelala chumbani anasikia bomba linafunguliwa, na hofu yake itakuwa kubwa kuliko hatari yenyewe.

Unaweza usiende, ukatuma mtu mwingine au msaada wa pesa. Hakuna dhambi katika hilo ikiwa afya yako au moyo wako hauwezi. Ila nimeisoma barua yako nikatafuta mahali uliposema hutaki kwenda, sikupaona. Ulichoandika ni hofu ya namna ya kuwa pale.

Na iko njia ya kwenda baada ya kuzungumza. Hii nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ina vitu vya kushika mkononi. Nyinyi wawili mnaweza kupatana kwamba nyama si zote sawa. Utumbo, kuku wa kienyeji na nyama ya bucha yenye unga wa mfupa vioshwe, na kuku wa mfukoni asioshwe, au ashughulikiwe kwa njia nitakayoitaja hapa chini. Kwa vile vitakavyooshwa, bomba lisitumike. Chukua beseni ambalo ni la nyama tu na si la kitu kingine chochote, tia maji kwanza, kisha izamishe nyama taratibu na kuigeuza kwa mkono ndani ya maji, pasipo kuruka tone. Kabla ya hapo vyombo vyote viwe vimeondolewa na kachumbari iwe imekwisha kukatwa na kufunikwa. Baada yake maji yamwagwe chooni au nje badala ya sinki la vyombo, beseni na mahali pote palipoguswa pasuguliwe kwa sabuni na kisha dawa yenye klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni bila haraka, mpaka kwenye kucha, kabla ya kumshika mtoto. Kama nyumba ina uwa au hata kibaraza cha nyuma, oshea huko kama ulivyozoea. Njia hii haiondoi hatari yote, na huenda mkaza mwanao akasema bado hairidhishi. Sikiliza sababu zake.

Kwa kuku wa mfukoni, iko desturi ambayo wapishi wengi wanaijua na ambayo nadhani inaweza kuwatosheleza nyote. Mtie kuku sufuriani bila kumwosha, mimina maji mpaka yamfunike, acha yachemke barabara kwa dakika kadhaa mpaka povu la kijivu lijae juu, kisha mwaga maji yale yote kwa uangalifu na uanze supu upya kwa maji safi na viungo vyako. Jicho lako litaona kile linachotaka kukiona, yaani maji machafu yametoka na yamemwagwa, na hakuna kilichoruka kikiwa kibichi. Hasara yake ni ladha, kwa kuwa sehemu ya utamu wa kuku huondoka na maji ya kwanza, na mpishi wa hoteli anaweza kununa kidogo kwa ajili ya hilo. Lakini kununa kwa ajili ya ladha ni rahisi kupatana nako kuliko hofu.

Kuhusu mazungumzo yenyewe, ninakusihi yasipite kwa mwanao. Amekwisha kuonyesha kwamba akiubeba ujumbe unabadilika njiani. Mpigie binti mwenyewe kabla hajajifungua, siku asiyokuwa kazini. Anza pale ulipoanzia barua yako, kwa yale mema uliyomwona nayo, kisha umwambie ukweli kuhusu tumbo na saumu, hata kama itakuwa vigumu. Kisha umwulize kitu ambacho ninashuku hakuna aliyewahi kumwuliza katika familia yenu: alijifunza nini hasa, na angependa apikiwe vipi akiwa kitandani. Akikueleza kwamba aliogopa siku ile ya sinki, usikimbilie kujitetea kwa hesabu za siku nilizokupa. Zilikuwa zako, za kukuondolea mzigo, na hazitamsaidia mama aliyeona chupa ya mwanawe imerushiwa maji ya kuku.

Inawezekana atakubali yote. Inawezekana atasema kwamba kwa siku zile arobaini hataki nyama ioshwe ndani ya nyumba yake kwa namna yoyote, na hapo utalazimika kuamua kama unaweza kumpikia hivyo na wewe ukajipikia samaki na maharage bila kinyongo. Mimi nisingeliona hilo kama kushindwa, lakini ni wewe utakayekaa kwenye jiko lile, si mimi. Ukiniandikia tena, tafadhali andika pia alichokujibu yeye, kwa sababu mpaka sasa upande wake nimeusikia kupitia kwako tu.